Tupeane uzoefu: shayiri ya trei na ukungu wa siku ya nne

Wa Njoro: Kiangazi kikibana, trei zinakumbukwa. Wenye kuotesha shayiri kwenye trei iwe majani ya ng'ombe, ukungu unawaingilia wapi?

Trei Sita, Molo: Mwanzoni kabisa. Punje iliyovunjika ndiyo huoza kwanza, kwa hiyo pepeta, tia majini, engua zinazoelea. Jik mililita 30 kwa lita moja ya maji, nusu saa, kisha suuza mpaka harufu iishe. Loweka saa 8, zisizidi 12, chuja, funika na gunia bichi hadi vichipukizi vitokeze. Ndipo trei, tena yenye matundu, iliyoinamishwa. Unene sentimita 2 mwisho. Watu hurundika 4 wakidhani watavuna maradufu. Katikati panachemka, panatoa harufu ya busaa, siku ya nne ni pamba tupu. Ila usitupe ovyo: vinywele vya mizizi navyo ni vyeupe. Nyunyiza maji, vikilala ni mizizi, visipolala na pananuka, ni ukungu.

Jua la Ahero: Kweli tupu hiyo.

Nyasi Chache: Nyunyiza kila saa 2.

Jua la Ahero: Hapana! Mara 4 kwa siku. Maji yakituama ndiyo ukungu wenyewe.

Nyasi Chache: Wewe na joto la Kisumu, mara 4? Mwagia hata sakafu.

Hesabu Kwanza: Na hii ya "kilo 1 inazaa kilo 7"? Saba za maji! Kilo ya shayiri ina gramu 900 hivi za chakula kikavu. Mkeka wa machipukizi wa kilo 7, asilimia 12 kavu, ni gramu 840. Mmepunguza, hamjaongeza.

Trei Sita, Molo: Hakuna aliyesema uondoe hei horini, mzee.

Boro, Siaya: Huku shayiri ni adimu. Mtama je?

Daktari wa Mifugo: USITHUBUTU! Machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi. Ng'ombe anahema mbio, anatetemeka, anaanguka, damu nyekundu ajabu, pengine ndani ya dakika chache. Tiba ni sindano ya thayosalfeti, na mara nyingi daktari hukuta mzoga. Otesha mahindi au ngano, bora isiwe mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa ya rangi.

Boro, Siaya: Sasa gunia zima la mtama nilipeleke wapi?

Nyasi Chache: Busaa 😂

Daktari wa Mifugo: Saga ukiwa mkavu, uchanganye kwenye chakula. Hauna neno.

Wa Njoro: Na hizo trei, ziiname kiasi gani?

Trei Sita, Molo: Kabari ya unene wa vidole viwili upande mmoja.

Jua la Ahero: Kimoja.