Mjadala: Msanii ana haki ya kuibadilisha filamu ambayo watu wameshaipokea?

Ndugu wapenzi wa filamu, naomba tujadili swali moja: msanii akishatoa kazi yake hadharani na watu wakaipenda, je, anaweza kuirudia na kuibadilisha hadi ile ya kwanza ikafifia? Mfano wangu ni Les Vacances de Monsieur Hulot, filamu ya vichekesho ya mwaka 1953 ambayo Mfaransa Jacques Tati aliiongoza na kuiigiza mwenyewe, kuhusu watu waliokwenda likizo ya kiangazi katika kijiji cha pwani cha Saint-Marc-sur-Mer.

Tati hakuiacha ilivyokuwa. Katika miaka ya 1960 aliihariri upya na kurekodi tena muziki wake, kisha mwaka 1978 akarudi kwenye ufukwe uleule kupiga picha za nyongeza kwa ajili ya tukio la mtumbwi wa Hulot, mhusika mkuu anayeigizwa na Tati, ambao unavunjika katikati na kujikunja naye akiwa ndani, ukafanana na kinywa cha papa, na watu wakatimua mbio. Ilikuwa miaka 3 tu baada ya Jaws, filamu ya papa kutoka Marekani, kutikisa dunia. Toleo hilo la 1978 ndilo lililokarabatiwa mwaka 2009, nalo ndilo wengi wetu tunalolijua.

Wanaomtetea husema kwamba kazi ni yake, na mwenye mali ndiye mwenye kauli. Hoja hiyo naiheshimu, hasa nikikumbuka kwamba madeni ya filamu yake ya 1967, Playtime, yalimpotezea haki za filamu zake mwenyewe. Mzazi aliyerudishiwa mwanawe halaumiwi akimvisha nguo mpya.

Hata hivyo, katika filamu hii mazungumzo ni machache na kichekesho kinaingilia masikioni. Mwanzoni tu, abiria wamejaa stesheni, spika inakoroma tangazo lisiloeleweka hata neno moja, nao wanashuka ngazi na kuibukia upande wa pili wa reli, kumbe treni inapita kule walikotoka, basi wanarudi mbio na mizigo yao. Hotelini, mlango wa chumba cha kulia hutoa mlio mzito kama wa uzi wa gitaa uliolegea kila mhudumu anapopita, na hata ukiusikia mara ngapi, hauzoeleki. Ukizigusa sauti za filamu ya namna hii humvishi mtoto nguo tena, unampasua.

Kuhusu papa, nakiri kwamba nilicheka. Lakini kicheko kile kinamhitaji mtazamaji aliyetishwa mwaka 1975, ilhali wale walio ufukweni ni Wafaransa wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambao wengi wao walikuwa bado wanazoea likizo yenye malipo iliyowekwa na sheria ya mwaka 1936. Hofu ile si yao, wameazimwa.

Napendekeza kwamba popote toleo la 1978 linapooneshwa au kuuzwa, lile la 1953 liwe kando yake, na kila moja liandikwe mwaka wake waziwazi. Anayepinga naomba anijibu hili: kama Tati angeacha wosia kwamba nakala zote za 1953 zichomwe moto, tungeutii?