Kanisa letu la zamani la Anglikana huku Kigoma: libomolewe au liachwe?

Mzawa wa Gungu
Wakuu, halmashauri ya parishi yetu huku pembezoni mwa mji imepitisha kanisa la zamani libomolewe, lijengwe kubwa palepale. Wanaolijua wanalijua: matofali ya kuchoma, mabati yaliyoshika kutu, madirisha ya mbao, na kengele ya kipande cha reli kwenye mwembe. Sikubali. Waanglikana ndio waliofikisha Injili Ujiji tangu siku za Livingstone, halafu leo sisi wajukuu ndio tushike nyundo?

Fundi wa Mwanga
Nimepanda paa lile. Kenchi zimeliwa na mchwa, ukuta hauna lenta, ufa wa upande wa ziwani unaingia vidole. Desemba 2005 tetemeko lilitikisa ziwa lote hili. Likija jingine Jumapili saa nne, watu wamo ibadani, mtamlaumu nani?

Mwana Ujiji
Kabla ya nyundo tusahihishane. Livingstone hakuwa Mwanglikana. Alikuwa Mskoti aliyeletwa Afrika na LMS, shirika la misheni la London, na Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 hakukuwa na kanisa lolote aliloanzisha pale. LMS wenyewe walifika Ujiji Agosti 1878, akina nahodha Hore, watu wa madhehebu yasiyo na maaskofu. Mapema 1879 wakaja Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki. Msijipe ukongwe wa wenzenu.

Mzawa wa Gungu
Naona paroko wako amekutuma. Msalaba ulioko kanisa la Mkunazini, Zanzibar, umetokana na mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Kanisa lile ni la nani kama si la Anglikana?

Mwana Ujiji
Sijatumwa na mtu. Msalaba kuwekwa kanisani haumbadilishii marehemu dhehebu. Na kama unapenda majengo ya kale kweli, ungetaja Niamkolo, kusini mwa ziwa hili hili, upande wa Zambia. Kanisa la mawe la LMS, la miaka ya 1890. Leo ni kuta tu, na bado wanazitunza.

Mnyamwezi Halisi
Mnasema Anglikana hawakuwepo kabisa? CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walikuwa na kituo Uyui, nje ya Tabora, miaka ya 1880, wamisionari wakipumzikia njiani kwenda Uganda. Kigoma mlikuwa hata reli hamna, imewafikia 1914.

Kasulu Kwetu
Tabora wakipata nafasi lazima waitaje reli. Huku magharibi tumelelewa na CMS ya Australia, iliyopokea kazi ya Tanganyika ya kati mwaka 1927, Askofu Chambers akiwa Dodoma. Dayosisi ya Western Tanganyika ilizaliwa 1966, makao Kasulu, wala si Kigoma mjini. Tabora wakapata dayosisi yao 1989. Ndiyo maana makanisa yetu ni mimbari, meza ya mbao na mabenchi. Hatuna ubani wala sanamu. Wanaotaka mapambo ya Magila, misheni ya Waanglikana wa ubani, waende Tanga.

Mtoto wa Muheza
Hilo la mwisho limeniuma. Nimebatizwa Muheza, kwenye makanisa ya UMCA, misheni ile ile ya Magila. Nilipohamia Kigoma kwa kazi ya reli, nikafanya ishara ya msalaba, mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama nimekosea mlango. Tangu 1970 tuna jimbo moja la Tanzania na askofu mkuu mmoja. Kanisa jipya liwe na altare ya heshima, na mchango wangu nitautoa hapo.

Kasulu Kwetu
Kwa hiyo sadaka yako ina masharti?

Mtoto wa Muheza
Na ukarimu wako je, hauna?

Mama Mkubwa wa Kibirizi
Wanangu, mnagombania ubani, matofali mmeyasahau. Tulioteka maji bondeni ya kufyatulia matofali yale ni sisi akina mama, watoto mgongoni. Wanaume walikuja siku ya kupaua, wakapigwa picha. Fungueni daftari la ubatizo ofisini kwa kasisi: kuna waliokuja na treni, kuna Waha wa vijijini, kuna waliovuka ziwa kutoka Kongo na waliokimbia Burundi. Hakuna mzungu aliyelijenga. Kwa nini mpaka liwe la Livingstone ndipo mlipende?

Mzawa wa Gungu
Shikamoo mama. Lakini la wanaume hapana. Baba yangu alilala nje usiku kucha akilinda tanuri lile lisizimike. Usimfute.

Mama Mkubwa wa Kibirizi
Marahaba. Baba yako namkumbuka. Alikuwa mmoja. Wengine wako wapi?

Mnyamwezi Halisi
Tabora tanuri hulinda wanaume wote.

Fundi wa Mwanga
Shikamoo mama. Mimi nasema la kazi yangu. Ukuta ule unaweza kufungwa mkanda wa zege juu, kenchi zote zikabadilishwa, likatumika kwa shule ya Jumapili. Jipya likae upande wa barabarani, kiwanja kinatosha. Jumamosi naenda na kamba kupima. Halmashauri waje wasimame hapo hapo waniambie kwa nini lazima iwe palepale.

Kasulu Kwetu
Sawa. Na hilo jipya, mbele ni meza au altare?

Mtoto wa Muheza
Altare.