Naomba ushauri: madirisha ya jikoni nibadilishe kabla ya kabati na taili au baadaye?

Wakuu habari zenu, niko kwenye kukarabati jiko sasa fundi wa kabati anataka aanze fasta ila madirisha ni yale ya mbao ya zamani, la juu ya sinki fremu imeoza pale chini mpaka bisibisi inazama kama kwenye mkate, na ukilifunga lazima ulipige ngumi. Fundi kabati anasema mengine tupige rangi tu, mimi naona ni kujidanganya.

Nawaza alumini ya kusukuma pembeni maana hili la sasa linafungukia ndani na bomba jipya la sinki ni refu, litagonga tu. Ila nasikia ya kusukuma yanafunguka nusu, na jiko langu moshi ni balaa, sasa sijui.

Kingine, kaunta mpya itapanda kama sentimita 5 hivi, je nipandishe na kizingiti cha dirisha? Na vipimo fundi wa madirisha achukue kabla ya kubomoa au akishatoa fremu ya zamani? Taili bado hazijabandikwa. Waliopitia hili nisaidieni jamani, fundi kabati ananipigia kila saa.