Sindano za insulini na bandeji za mgonjwa nyumbani: tunatupa wapi?

Mama Kiwira (Tukuyu):
Habari za jioni wapendwa. Nyumbani tuna mama mkwe mwenye kisukari. Anachoma insulini asubuhi na jioni kwa bomba, anapima sukari kila siku, na ana kidonda mguuni tunachokifunga upya kila baada ya siku mbili. Taka zote zinaenda kwenye shimo la migombani, zinachomwa moto. Watoto wanacheza hukohuko. Wengine wananiambia sindano nizitumbukize chooni. Kabatini kuna vidonge vilivyoisha muda na kipulizi cha pumu. Kipi kiende wapi?

Bwana Afya Mstaafu:
Pole kwa kuuguza, mama. Anza na sindano. Moto wa shimoni hauziwezi: plastiki inayeyuka, chuma kinabaki kwenye jivu na ncha yake, na jivu hilohilo ndilo linalomwagwa kwenye mboga. Atakayeikuta ni anayelima pekupeku. Kichomea taka cha hospitali kinatakiwa kufika nyuzi 850 na zaidi. Moto wa majani na karatasi haukaribii hapo, na plastiki iliyoungua nusunusu hutoa moshi wenye sumu.

Chooni pia hapana. Shimo likijaa linanyonywa na gari au linafukiwa na kupandwa mgomba, na sindano haiozi.

Tafuta kidumu kigumu cha mafuta ya kula, lita 5, chenye kifuniko cha kuzungusha. Kioshe, kikauke, kiandike kwa maka peni: SINDANO, HATARI, USIFUNGUE. Kikae palepale anapochomea, mahali mtoto hafiki. Akimaliza kuchoma, bomba liingie zima saa hiyohiyo. Asilirudishie kifuniko, asipinde, asikate ncha. Visindano vya kutobolea kidole wakati wa kupima sukari viingie humohumo. Dumu likifika robo tatu usishindilie. Funga, zungushia seloteipu pana, peleka. Lile sanduku la lita 5 la kutupia sindano pale zahanati huchukua mabomba ya kawaida kama 100, na ya insulini ni membamba zaidi, kwa hiyo dumu litawafikisha mbali.

Chupa ya maji ya kunywa isitumike. Ni laini, ukiiminya ncha inatokeza, na waokota chupa wataifuata.

Lab Mafinga:
Naongeza kwa wanaotumia peni ya insulini, kile kifaa cha kuchomea chenye umbo la kalamu: sindano ya peni ifunguliwe kila baada ya kuchoma. Ikiachwa, dawa inavuja, hewa inaingia, na dozi inayofuata inapungua. Kuifungua, laza kile kifuniko kikubwa cha nje mezani, kichote kwa ncha ukitumia mkono mmoja, kikishakaa ndipo uzungushe na kudondosha dumuni.

Na mtu akichomwa na sindano iliyotumika: asiminye, asinyonye, asipake Jik. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha aende kituoni siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Aulize pia habari ya chanjo ya homa ya ini B, maana kirusi chake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 hata damu ikiwa imekauka. Wengi wanakumbuka UKIMWI tu, hili wanalisahau.

Mfamasia Uyole:
Vidonge na insulini iliyoharibika virudishwe dirisha la dawa la kituo au duka la dawa, lakini uliza kwanza kama wanapokea. Visimwagwe chooni wala kwenye mfereji. Kwa mvua za Rungwe, cha mferejini leo kesho kipo mtoni. Kipulizi cha pumu kisitiwe motoni hata kikionekana kimekwisha, kina gesi ndani na hulipuka. Vichupa vya kioo navyo hupasuka motoni, viwekeni kwenye kopo lake peke yake.

Bwana Afya Mstaafu:
Nimalizie bandeji. Gozi na pamba zenye usaha zitolewe kwa glavu, zifungwe kwenye mfuko, mfuko uingie ndani ya mwingine. Kama hakuna gari la taka, zifukiwe. Kuchoma gozi mbichi msimu wa mvua ni kuzibabua tu, na mbwa wakinusa damu watazifukua. Shimo liwe la mita 2, mbali na kisima angalau mita 30, na maji yasionekane chini yake. Kila mkitupa, mwagieni udongo au jivu. Likibaki nusu mita kujaa, fukieni moja kwa moja. Wekeni uzio na kifuniko cha mbao, kwa ajili ya hao watoto.

Mama Kiwira:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Zahanati yetu haina kichomea taka. Dumu nilipeleke hivyohivyo?

Bwana Afya Mstaafu:
Muulize mganga mfawidhi kama masanduku yao ya sindano hupelekwa kituo cha afya au hospitali. Kama ndivyo, dumu lako liungane na safari hiyo. Ukilibeba, liweke wima ndani ya ndoo, siyo kwenye kiroba wala mgongoni, na mpe mhudumu mkononi ukimwambia kilichomo. Usiliache mlangoni. Wakikataa kabisa, jaza ile robo iliyobaki kwa saruji na mchanga vilivyokorogwa hadi kumiminika, litikise taratibu vipenye katikati ya mabomba, liache ligande, ndipo ulifukie chini kabisa ya lile shimo la mita 2.