Dawa za miti kwenye mpunga: kinga au kujipa moyo?

Jaruba la Kati (Bagamoyo): Wadau, kamati za skimu za umwagiliaji, huku bonde la Ruvu na kule Mombo, ziweke sheria kwamba mkulima aanze na mwarobaini, ya dukani iwe ya mwisho? Mfereji ni mmoja. Anachopulizia wa juu kinamfika wa chini.

Jembe Butu (Korogwe): Sheria ya nini? Funza wa shina akishatoboa bua, mwarobaini unamfikiaje? Ukiona jani la katikati limekauka, ukilivuta linachomoka, umeshachelewa. Hapo unauogesha mpunga tu. Lima mabua yafukiwe mara baada ya kuvuna, funza wamejificha humo.

Bi Kinu (Pangani): Unauogesha kwa sababu unasubiri jani likauke, mwanangu. Dawa ni ya funza aliyetoka yaini sasa hivi, bado anatambaa nje. Siku zenyewe chache, kwa hiyo kagua mayai. Halafu mnachemsha majani wakati nguvu iko kwenye mbegu! Gramu 50 za kiini kwa lita 1 ya maji. Bomba la lita 15 linataka gramu 750. Twanga, usifikishe mpaka mafuta yatoke. Funga kwenye kitambaa, loweka tangu alfajiri hadi alasiri, kamua, chuja, tia sabuni ya mche kidogo ishike jani. Ya unga itababua. Pulizia jua likipoa, maana jua ndilo linaloiua, na mvua ikinyesha usiku unarudia.

Jembe Butu: Bi mkubwa, eka ikila bomba 8 ni kilo 6 za kiini. Atatwanga nani?

Bi Kinu: Anayekula wali.

Ngalawa Mbovu (Bagamoyo): 😂 Mmea wa utupa basi, hautaki kinu cha kilo 6. Kilo 1 ya majani kwa lita 10, ponda, loweka, chuja.

Jembe Butu: Utupa huo huo mnaoleweshea samaki! Watu wa Bagamoyo si wakulima, ni wavuvi haramu walioazima jembe.

Ngalawa Mbovu: Haramu? Baruti za kuvulia samaki zimelipuka pwani ya nani miaka yote ile, Bagamoyo au Tanga? Jibu hilo kwanza.

Jembe Butu: Korogwe ina bahari?

Ngalawa Mbovu: Mkoa gani huo? Ukisifiwa mkonge wa Tanga unakuwa Mtanga, ikitajwa baruti unakuwa wa Korogwe.

Mzee wa Majaruba (Muheza): Vijana, tusi kando, kambale hajui mkoa. Utupa ukiingia mferejini unaua samaki kweli. Anayeutumia azibe tundu la kutolea maji, asioshee bomba mferejini. Tena utupa una aina mbili zinazofanana kwa macho, moja haina nguvu kwa wadudu. Jaribu kwenye jaruba moja kabla hujapulizia shamba zima.

Kijakazi wa Supa (Bagamoyo): Kimyanga je? Mpunga umegeuka njano, nimeambiwa mwarobaini unatibu maradhi arobaini.

Bi Kinu: Kimyanga ni la arobaini na moja. Ni virusi, hakuna cha kupulizia kikakitibu. Kinabebwa na mbawakavu, hata mundu na mikono. Ng'oa mashina yaliyougua, yafukie, nawa mikono ndipo ushike mazima.

Jembe Butu: Si ndiyo ninayosema? Dawa yenu haitibu!

Bi Kinu: Ya dukani inatibu virusi? Nitajie jina lake.

Jaruba la Kati: Jamani, sheria. Tupige kura?

Ngalawa Mbovu: Sipigi kura na mtu aliyeniita haramu. Afute kwanza.

Jembe Butu: Nafuta. Na wewe futa baruti.

Ngalawa Mbovu: Baruti inabaki.