Fleshi ya Coaster ya Lushoto: mikusanyiko ipi ya nyimbo bora haina ujanja?

Suka_wa_Kange

Wagosi, asalaam aleikum, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni dereva wa Coaster, ruti yangu Tanga–Lushoto. Gari limefungwa redio mpya yenye tundu la fleshi, na bosi kaniachia nipige ninachotaka mradi abiria wasilalamike. Shida iko hapohapo. Siti ya mbele anakaa mzee wa dansi la zamani. Nyuma yake wamama wa taarabu. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari, yeye ni Kenny Rogers na Don Williams tu. Siti ndefu ya nyuma wamejaa vijana wa singeli, hatujafika hata Muheza washaanza "suka vipi, tunakwenda msibani?"

Nikaona dawa ni mikusanyiko, nyimbo bora za kila msanii, basi, kila mtu apate chake. Nikaenda kibandani Ngamiani nikajaziwa fleshi ya GB 32. Wagosi, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kioo cha redio kinaandika "Best of Franco", yule wa rumba wa Kongo, inayotoka ni sauti ya Tabu Ley, Mkongo mwenzake. Mzee wa mbele akaniuliza kama marehemu kabadilishwa koo huko aliko. Na rumba zenyewe zinakatwa. Waimbaji wanamaliza maneno yao, solo linaingia, mama kaanza kutikisa bega, tunaikaribia Segera... pap. Kimya. Wimbo mwingine. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, hakuna.

Ninachouliza: ipo mikusanyiko iliyotengenezwa na watu wanaojua kazi, ya aina mbalimbali, ambayo nikiinunua sitaaibika? Au mikusanyiko yote ni ujanja, nitafute albamu nzima mojamoja? Hela ipo, bosi kasema nikinunua kitu halali atanirudishia.

Dogo_Makorora

Broo unajitesa. Shusha miksi za DJ, moja ina saa nzima, huhangaiki na wimbo gani unafuata. Mimi kwenye bajaji ndiyo hizo tu.

Suka_wa_Kange

Miksi nimejaribu dogo. DJ anajitaja jina kila baada ya nusu dakika, na mzee wa mbele kila akitajwa anaitika "tumekusikia!"

Mzee_wa_Santuri

Marahaba mwanangu Suka. Mimi niliuza santuri, nikauza kanda, hapohapo Ngamiani, kabla hizo fleshi hazijazaliwa. Ngoja nikwambie sebene lako limekwenda wapi, maana si kibanda peke yake chenye kosa.

Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45, upande mmoja ulibeba dakika tatu nne hivi. Wimbo wa dansi au rumba ulikuwa mrefu kuliko hapo, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ndiyo hadithi, mtu anamlilia mpenzi wake au anawalaumu walimwengu. Sehemu ya pili ndiyo magitaa, ndiyo chemko lenyewe. Ukumbini ulipigwa moja kwa moja, nyumbani ukanyanyuka ukageuza santuri. Sasa anakuja mtu wa kukusanya "nyimbo 20 bora", anataka zienee, anachukua upande A wa kila santuri na B anaziacha. Umeuziwa malalamiko matupu bila dansi. Ukitaka kuujua mkusanyiko wa rumba kabla hujalipa, tazama dakika zilizoandikwa. Wimbo wa OK Jazz, bendi ya Franco, wa miaka ya 70 ukiuona una dakika tatu na nusu, rudisha.

Mkusanyiko wa Franco ninaouamini uununue unaitwa Francophonic, umetolewa na Sterns ya London. Juzuu ya kwanza ilitoka 2008, inaanzia 1953 hadi 1980, ya pili inamalizia hadi 1989 alipofariki. Kila juzuu sidii mbili na kijitabu chake. Tabu Ley naye kampuni hiyohiyo ilimtolea The Voice of Lightness mwaka 2007. Kwa hao wawili utakaa kwa amani, na kila mmoja atabaki na koo lake.

Mbaraka Mwinshehe sasa. Alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, Nairobi zikaanza kutolewa santuri kubwa zinazoitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu. Mimi hizo siziiti ujanja. Nyimbo zake zilikuwa zimetapakaa kwenye santuri ndogo, zikipotea, zikikwaruzika, watu wakikopeshana hazirudi. Ukumbusho ndiyo iliyofanya kijana aliyezaliwa baada ya kifo chake amjue. Kwa dansi la huku kwetu zamani zile albamu kama mnavyozifahamu leo hazikuwa nyingi. Msanii alikuwa mtu wa santuri ndogo, wimbo mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiniambia "nitafute albamu nzima", albamu ipi? Mkusanyiko ndiyo albamu yenyewe.

Ila angalia sana mikusanyiko ya "Wanyika". Hao ni damu yetu, Wilson na George Kinyonga walianza na Jamhuri Jazz hapahapa Tanga, wakapitia Arusha, 1971 wakaunda Simba Wanyika kule Mombasa. Mwaka 1978 baadhi ya vijana wao wakajitoa wakaunda Les Wanyika, na Issa Juma baadaye akawa na Super Wanyika yake. Wauzaji wanawachanganya wote chungu kimoja. Kila mtu anataka "Sina Makosa", ambao ni wa Les Wanyika, na utaukuta kwenye kasha lenye picha ya Simba Wanyika. Mzee wako wa mbele akishika hilo kosa, siku hiyo hata dirisha hatafungua.

Lile dansi la Dar la wakati wa Mlimani Park na Vijana Jazz, lililokuwa likirekodiwa Redio Tanzania, lina mkusanyiko wake kwenye mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa. Tafuta namba 5, ni ya 1978 hadi 1983. Namba 3 inarudi nyuma, miaka ya 60.

Ya Wazungu nitakwenda haraka, tumbo linaniita. Mchezo huu wa "nyimbo bora" huhesabiwa ulianza na Johnny Mathis, 1958, Marekani. Mwenyewe alikuwa Uingereza, hana nafasi ya kuingia studio, kampuni ikakusanya za zamani ikaziuza upya. Zikauzika mno. Tangu hapo makampuni yakajua kuna hela mara mbili kwenye kazi moja. Halafu wakaongeza chambo: ndani ya nyimbo za zamani wanatia moja mpya, ili hata aliyenazo zote anunue tena. Kenny Rogers wa mwalimu wako, ule mkusanyiko wake wa 1980, "Lady" haukuwa wimbo wa zamani. Ulikuwa mpya, Lionel Richie ndiye aliyemwandikia. Nunua tu hata hivyo, ni mzuri.

Na abiria akikuomba Hotel California, usikimbilie ule mkusanyiko maarufu wa Eagles wa 1971–1975. Umo kwenye mauzo makubwa kabisa Marekani, mwaka 2018 ulihesabiwa kufika nakala milioni 38, lakini ulitoka Februari 1976 na Hotel California ukaja mwishoni mwa mwaka uleule. Wangapi walinirudishia kanda ile wakidai nimewaibia!

Mama_Kikoi

Shikamoo Mzee wa Santuri, umesema vyema lakini wamama wa siti ya pili umewaruka, kama wanavyofanya wanaume wote. Suka mwanangu, mimi ndiye naweza kuwa mmoja wao, nashukia Korogwe.

Taarabu ya Tanga si ya Unguja. Unguja unasikia kundi zima, fidla, kanuni ile ala ya nyuzi, watu wamepangwa kama harusi ya sultani. Huku kwetu Black Star na Lucky Star waliingiza magitaa ya umeme na mdundo wa kuchezeka, wimbo unaingia moja kwa moja kwenye maneno. Na sauti ya Shakila juu yake. Kuna mkusanyiko unaitwa Nyota, ulitolewa London na GlobeStyle mwaka 1989, una Black Star na Lucky Star. Na kwenye huohuo mfululizo wa Zanzibara alioutaja Mzee, namba 10 ni taarabu ya Mombasa na Tanga, 1970 hadi 1990. Hiyo ndiyo yako.

Ila nikwambie kitu ambacho mikusanyiko haiwezi kukupa. Vile vikundi vilikuwa vinashindana, na baadaye White Star na Golden Star wakashindana vilevile. Huyu akitoa wimbo, yule anajibu. Wimbo unasema "niache na wangu", kuna mtu mahali fulani aliyeambiwa hivyo, na wiki ya pili anajibu kwa fumbo kubwa zaidi. Ukumbini mwanamke anainuka na noti yake, anakwenda kutunza kwenye ubeti uleule anaotaka mwenzake ausikie, anarudi kukaa hamtazami mtu. Mama yangu alikuwa na jirani hawakusemeshana tangu ubeti mmoja. Sasa mkusanyaji wa Ulaya, Mungu ambariki, anachagua kwa utamu wa sauti. Anachukua jibu, swali kaliacha. Tunaosikiliza tunajua nusu ya ugomvi haipo.

Kwa hiyo ukinunua, nunua, lakini kwenye gari usizichanganye na za wengine. Weka nyimbo za vikundi hivi zifuatane. Sisi tutapanga wenyewe nani anamjibu nani. Na punguza besi, maneno hayasikiki.

Mwalimu_wa_Kaunti

Naona nimetajwa kabla sijajitaja. Mimi ndiye wa Don Williams, siti ya dirisha, asanteni.

Naomba nitofautiane kidogo na wanaosema mikusanyiko inaficha. Chukua Legend ya Bob Marley, 1984, miaka mitatu baada ya kufariki. Ni kweli imechujwa. Nyimbo 14, na tano kati yake zimetoka kwenye albamu moja, Exodus ya 1977. Kutoka Survival ya 1979 hakuna hata mmoja, na humo ndimo zilimo "Zimbabwe" na "Africa Unite", nyimbo zinazotuhusu Waafrika kuliko zote. Walichagua Marley wa kukumbatiana, Marley wa kupigana wakamwacha nje, amebakishwa kidogo tu. Nakubali. Lakini nani kati yetu alianza na Survival? Mimi nilianza na kanda ya Legend iliyokuwa imekwisha rangi, nikaipenda, ndipo nikaenda kutafuta nyingine. Mkusanyiko ni wa kuingilia. Suka, weka Legend yote na nyuma yake Survival yote, umemaliza reggae.

Kwa kaunti (country, muziki wa akina Don Williams) na nyimbo za zamani za Kizungu, hatari iliyopo ni nyingine, Mzee hakuifikia kwa sababu ya tumbo. Msanii akihama kampuni, nyimbo zake za awali zinabaki kwa kampuni ya zamani, kwa hiyo kampuni mpya inamwambia azirekodi upya. Everly Brothers walihamia Warner mwaka 1960, na mwaka 1964 ukatoka mkusanyiko wa nyimbo zao bora ambamo zile za kampuni ya zamani wamezirudia. Jina lile, watu walewale, sauti si ile uliyoipenda redioni. Mikusanyiko ya bei rahisi imejaa hizo. Soma kwa nyuma, maandishi madogo, kama imeandikwa zimerekodiwa upya, achana nayo.

Dogo_Makorora

Wazee mmeshusha madini, sipingi. Ila vijana wa siti ya nyuma nao wamelipa nauli. Singeli mkusanyiko wa kuanzia ni Sounds of Sisso, 2017, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, umerekodiwa studio ya Sisso, Mburahati, Dar. Onyo: mdundo ule unakwenda mbio kuliko Coaster yako, usiuweke mkiwa kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto, utakuta mguu wa kulia umeshaufuata. Bongo fleva ya mwanzoni kuna mkusanyiko wa Out Here wa 2004, wa Wajerumani. Wagosi wa Kaya watafutie kivyao. Tanga bila Wagosi utashushwa.

Mama_Kikoi

Na kwenye kona zile singeli asiiweke kabisa, mimi nina presha.

Suka_wa_Kange

Nimewaelewa. Nimechukua Francophonic zote mbili, Zanzibara 5 na 10, Legend na Survival, Kenny wa mwalimu, na za dogo nitaziwasha tukiwa tambarare tu, kati ya Muheza na Segera. Nyota bado nauliza bei, anayeiona popote anitumie ujumbe.

Swali la mwisho. Nimezipanga vizuri kwenye kompyuta ya mdogo wangu, kila aina folda yake, lakini redio ya gari inazipiga inavyotaka. Inatoka Franco inarukia Sisso. Jana mama mmoja kashika moyo.

Dogo_Makorora

Redio nyingi hizo hazisomi majina, zinafuata mpangilio nyimbo zilivyoingia kwenye fleshi. Futa zote, anza na namba mbele ya kila jina, 001, 002, halafu ziingize folda moja baada ya nyingine kwa mfuatano unaoutaka, usizikokote zote kwa mpigo. Na zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Yawezekana utingo wako ndiye anayekibonyeza.

Suka_wa_Kange

Ni utingo.