Samaki taa weupe hutagia kwenye joto la volkano. Mbona chini ya Ziwa Kivu hakuna samaki?

Mwalimu_Himbi (Goma)
Wandugu, naandaa somo la biolojia. Taa mweupe wa Pasifiki, Bathyraja spinosissima, ni samaki bapa wa baharini, huishi kwenye kina cha kati ya mita 800 na 2,900 hivi. Mwaka 2015 roboti Hercules ilikuta mayai yake 157 kaskazini ya Galápagos, kwenye mita 1,660 hivi, zaidi ya nusu yakiwa ndani ya mita 20 kutoka mabomba ya majimoto, yaani mabomba ya asili ya mwamba yatoayo maji ya moto ya volkano sakafuni mwa bahari. Wanafunzi watauliza tu: Kivu nayo ina chemchemi za moto chini, mbona sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hawashuki hata mita 100?

Bio_Kadutu (Bukavu)
Mwalimu, joto halina kosa, shida ni hewa. Oksijeni ya Kivu huishia mita 60 hivi upepo wa Julai na Agosti ukikoroga maji. Mvua zikirudi, mpaka hupanda hadi karibu mita 30. Chini ya hapo kuna kaboni dioksidi, metani na salfidi ya hidrojeni. Maji hayo yana chumvi zaidi, ni mazito, hayapandi juu kuchukua hewa. Ni kama mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni na kuua, ila haya yamelala ndani ya ziwa.

Na usiwaambie kwamba mayai yanachemka! Maji ya eneo lile yana wastani wa nyuzi 2.76 tu, asilimia 89 ya mayai yalikuwa mahali penye joto kuzidi wastani huo. Kwenye baridi hiyo kuanguliwa hukadiriwa kuchukua zaidi ya siku 1,500, basi hata joto dogo linafaa. Kifuko cha yai ni kigumu, kina pembe nne. Mwanzoni zimezibwa kwa ute. Baadaye hufunguka, na mtoto hupiga mkia kuvuta maji mapya. Akivuta maji ya Kivu ya chini, amekwisha.

Katindo_kemia (Goma)
Shinikizo pia halihusiki: kule kwenye mayai ni angahewa 166 hivi, na Kivu ina kina cha mita 485 tu, kwa hiyo shinikizo lake ni dogo zaidi. Ila damu ya taa imejaa urea ili ilingane na bahari. Kwenye maji matamu angevimba, huku urea na chumvi vikimtoka.

Mwalimu_Himbi
Asante. Kuna jaribio la darasani?

Bio_Kadutu
Gramu 30 za chumvi kwa nusu lita ya maji ya vuguvugu, tia wino. Juu yake mimina maji matamu baridi polepole, kupitia mgongo wa kijiko. Puliza juu kwa mrija: tabaka la juu litazunguka, la wino litabaki chini ingawa lina joto. Ukimimina kwa haraka yatachanganyika, uanze upya.